Mirathi Asiyoigawa Kadhi

Mhadhara uliosomwa mbele ya wazazi na vijana wasemao Kiswahili, Kentucky, Marekani



Mtu akifariki katika miji yetu ya pwani, baada ya matanga kuondoka na madeni kulipwa, jamaa hukusanyika mbele ya kadhi. Naye kadhi, kwa ilimu ya faraidhi aliyoipokea kwa mashekhe zake, humpa mjane mwenye watoto thumuni yake, na mama wa marehemu sudusi yake, na watoto baki yao, hata usibaki mnazi wala mkufu usiojulikana mwenyewe. Nimehudhuria mabaraza ya namna hiyo zaidi ya mara moja, wala sijapata kumsikia kadhi akiuliza marehemu alikuwa akijua nini, na ujuzi wake unamwangukia nani. Haulizi kwa sababu ujuzi haupimwi kwa pima wala kwa ratili, na aghalabu huwa umekwisha kugawanywa zamani, kimya kimya, baina ya sahani ya wali na kikombe cha kahawa, mzazi akisema na mtoto akisikia. Madhumuni yangu leo ni kunena juu ya fungu moja la mirathi hiyo, ambalo katika nchi hii mliyohamia laweza kuwatenga mtoto na mtoto kuliko nyumba na shamba: ujuzi wa kuomba nafasi katika vyuo vikuu vyenye mlango mwembamba.

Kwanza tuelewane juu ya jina la mtoto asiyerithi fungu hilo. Serikali ya Marekani ina programu za kuwasaidia wanafunzi, zijulikanazo kwa jina la TRIO, zilizozaliwa katika miaka ya sitini, wakati Rais Lyndon Johnson alipotangaza vita juu ya umaskini. Na katika sheria ya programu hizo, tangu mwaka 1980, ametajwa mwanafunzi wa kizazi cha kwanza, naye ni yule ambaye baba yake wala mama yake hawakupata shahada ya chuo kikuu. Itazameni maana hii ilivyo pana. Fundi wa majahazi asiyehitaji karatasi kuchora mkuku wake hana shahada. Mama aliyeendesha duka Uvira miaka ishirini, naye azijua kwa moyo hesabu za wadeni wake wote, hana shahada. Mwalimu wa chuoni aliyewahifadhisha Kurani baba na mwana hana shahada. Basi kuitwa wa kizazi cha kwanza si kutoka katika ukoo wa wajinga, na kijana anayelificha jina hilo katika maombi yake anaona haya mahali pa fahari.

Vyuo nilivyoviita vya mlango mwembamba, kama vile Harvard, Yale, Princeton, Stanford na MIT, hupokea watu wasiofika watano katika kila waombaji 100. Walakini nyuma ya mlango huo mna kitu tukijuacho sana sisi, ingawa wenyewe wana jina lao la kukiita: mna wakfu. John Harvard alipokufa mwaka 1638 alikiachia chuo kilichokuja kubeba jina lake nusu ya mali yake na vitabu vipatavyo 400. Na tangu hapo matajiri wa nchi hii wameendelea kuviachia vyuo mali ili asili yake ihifadhiwe na faida yake itumike, kama babu zetu walivyoliacha shamba la minazi kwa ajili ya mafuta ya taa za msikiti, au nyumba kwa ajili ya kisima cha wapita njia. Wakfu wa Harvard leo unapita dola bilioni 50. Katika faida ya wakfu za namna hii ndimo inamotoka ihsani ya kumsomesha asiye nacho: Princeton mwaka 2001 kiliondoa mikopo katika msaada wake, mahali pake kikaweka ruzuku isiyorudishwa, na Harvard, kuanzia mwaka wa masomo wa 2025–26, kimeahidi kwamba familia yenye mapato yasiyozidi dola 100,000 kwa mwaka, na mali za kawaida, haitalipa karo, wala chumba, wala chakula.

Watu wa soko kama sisi twajua kwamba bei ya kwanza si bei. Mtu akitajiwa kanga kwa thamani ya doti mbili hatoki dukani akilia, huketi, huulizia habari za nyumbani, kisha huuliza, "Mwisho wake kiasi gani?" Lakini baba yuleyule anayejua kuuliza hivyo dukani, atokapo kazini alfajiri katika bohari ya kupakia mizigo, akaonyeshwa na mwanawe kwamba gharama ya chuo ni zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, hufunga mazungumzo papo hapo, na hana lawama, maana hakuna aliyemwambia kwamba hapa nako bei iliyobandikwa siyo bei inayolipwa. Sheria ya nchi hii, tangu mwaka 2011, inavilazimisha vyuo kuweka kikokotoo ambacho mzazi hutia mapato yake na hesabu ya watoto wake, kikamjibu kwa kadiri mwisho wake kiasi gani. Na ajabu isiyosadikika mpaka ihesabiwe ni hii: mara nyingi chuo kikubwa chenye wakfu humgharimu maskini fedha kidogo kuliko chuo kidogo cha jirani kisicho na wakfu, ambacho bei yake ya ubaoni ni ndogo, na deni lake humfuata mtu hata akawa na wajukuu.

Wataalamu wawili wa uchumi, Caroline Hoxby na Christopher Avery, walichunguza jambo hili wakatangaza utafiti wao mwaka 2012, nao waliona kwamba walio wengi katika vijana maskini wenye alama za juu kabisa hawaombi hata chuo kimoja cha mlango mwembamba, ijapokuwa wale wanaoomba hukubaliwa na kuhitimu sawa na wenzao matajiri wenye alama kama zao. Hawakukataliwa, mabwana, hawakubisha hodi. Kisha Chuo Kikuu cha Michigan, kuanzia mwaka 2015, kilifanya jaribio. Vijana maskini hodari wa jimbo hilo walipelekewa bahasha kubwa, na wazazi wao na wakuu wa shule zao wakaandikiwa, kwamba wakiomba na kukubaliwa, karo ya miaka minne imekwisha kulipwa, bila kujaza kwanza fomu za msaada. Fedha hizo hazikuwa mpya, kwani wengi wao wangalizipata vilevile kwa njia ya kawaida. Jambo jipya lilikuwa ahadi. Na katika shule ambazo hazikupata bahasha waliomba vijana 26 katika kila 100, na katika zile zilizoipata wakaomba 68. Na walioingia chuoni humo wakapanda kutoka 12 hata 27.

Mtu asikimbilie kusema kwamba basi dawa ni vijitabu. Vijitabu vya habari vilikuja kutumwa kwa maelfu mengi ya vijana nchi nzima, bila ahadi na bila mtu wa kuvieleza, na mwenendo wa maskini haukubadilika kwa kadiri ya kuonekana. Mimi naona sababu yake imo katika desturi ya mirathi yenyewe. Ujuzi wa namna hii haurithiwi kwa kusomwa. Hurithiwa kutoka kwa mtu unayemwamini, aliyepita mlango ule, anayekutazama usoni akakuambia: nawe utapita.

Sikilizeni kisa cha Bibi Sonia Sotomayor, ambaye tangu mwaka 2009 ni jaji wa Mahakama Kuu ya nchi hii. Wazazi wake walitoka Puerto Rico, baba akawa mfanyakazi wa kiwandani mwenye elimu ya darasa chache, mama muuguzi, wakaishi katika nyumba za umma za Bronx. Kwa habari yake mwenyewe aliyoiandika, rafiki yake aliyemtangulia chuoni ndiye aliyemhimiza aombe vyuo vikubwa, na yeye akauliza ni vyuo gani hivyo. Alihitimu Princeton mwaka 1976 kwa heshima ya juu; na hata hapo, barua ya kumwalika katika Phi Beta Kappa, jumuiya ya wasomi ya tangu karne ya 18, alidhani ni hila ya kumtoa fedha, akaitupa mpaka mwenzake alipomfahamisha. Bibi huyo hakupungukiwa na akili. Alipungukiwa na nyumba ambamo maneno kama hayo hutajwa mezani.

Basi na mimi, kwa kuwa leo nimesimama mahali pa shangazi aliyesoma, nitaitaja mirathi yenyewe vipande vipande. Kipande cha kwanza ni kalenda. Mwaka wa mwisho wa sekondari haupaswi kumkuta mtoto akianza kufikiri. Fomu ya serikali ya kuombea msaada wa fedha, iitwayo FAFSA, kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Oktoba. Maombi ya mapema kwa vyuo vingi hufungwa tarehe 1 Novemba, na ya kawaida katika siku za mwanzo za Januari. Na mpango uitwao QuestBridge, unaowaunganisha vijana maskini hodari na vyuo vya kuwagharimia miaka yote minne, hufunga mlango wake mwishoni mwa Septemba, kabla wengine hawajaamka. Kipande cha pili ni ada. Chuo hutoza ada ya kupokea maombi, na mwenye vyuo kumi hujikuta ametakiwa mamia ya dola. Lakini upo msamaha wa ada hiyo kwa mwenye mapato madogo, nao hutolewa kwa kuombwa tu. Kipande cha tatu ni haki. Msaada wa serikali kuu, na hasa ruzuku ya Pell iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa 2025–26 ni dola 7,395, hauwahusu raia peke yao; mwenye ukaaji wa kudumu naye anao. Na jamaa zenu walioko Kigoma au Bukavu, wasio na haki hiyo ya serikali, waelezeni kwamba vipo vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo humchagua hata mgeni bila kutazama mfuko wake, kisha humtimizia haja yake.

Kipande cha nne ni karatasi zenu nyinyi wazazi, na hapa nasema kwa upole, maana najua hofu ilikotoka. Mtu aliyekimbia nchi yake kwa sababu jina lake liliandikwa katika orodha hapendi kuandika jina lake katika orodha nyingine. Lakini fomu ya msaada haikamiliki mpaka mzazi akubali kumbukumbu zake za kodi zitazamwe, na mtoto ambaye mzazi wake amekataa, au amechelewa kwa kuahirisha, hupoteza kwa sahihi moja alichokitafuta kwa miaka kumi na miwili. Mwekeni mtu wa kuaminika awasomee, awafasirie. Kisha tieni sahihi. Wala msingoje mshauri wa shule aje kubisha mlangoni mwenu: wenye taaluma hiyo wamependekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, hali wastani wa nchi nzima unapita 350, na mtu mwenye mizigo kiasi hicho humsaidia kwanza amjiaye ofisini.

Kipande cha tano ndicho kigumu kuliko vyote, nacho ni insha ya nafsi. Maombi ya pamoja yaitwayo Common Application, yaliyobuniwa na vyuo 15 mwaka 1975 na leo hutumiwa na vyuo zaidi ya elfu moja, humtaka kijana aandike habari za nafsi yake kwa maneno yasiyozidi 650. Adabu yetu haituruhusu kujisifu. Mtoto aliyelelewa vizuri husema "tumejaribu" pale alipofaulu, na msomaji wa mbali asiyeijua adabu hiyo huyapokea maneno yake kama yalivyo. Upande wa pili upo mtego mwingine: vijana wetu huambiwa kwamba watakubaliwa wakieleza kambi, vita na njaa, hata ikawa msiba ndio sarafu yao ya pekee. Nami nasema, jeraha lako ni lako, ulitaje ukipenda na ulisitiri ukipenda. Msomaji wa chuo anatafuta jinsi unavyoyaona mambo na unavyoyatenda. Nalimjua binti mmoja aliyekuwa mkalimani wa mama yake tangu umri wa miaka kumi, hospitalini, benki na kwa mwenye nyumba, akijua jinsi ya kumwambia daktari neno ambalo Kiswahili hulisema kwa mafumbo. Na alipoulizwa ana shughuli gani nje ya masomo, akajibu kwamba hana. Fomu ile ina nafasi kumi za shughuli, na kati ya aina zake wameandika majukumu ya nyumbani. Kulea wadogo, kupika, kufanya kazi dukani baada ya shule, kufasiri: hizo ni shughuli, na ziandikwe kwa saa na kwa majuma, kama mwingine anavyoandika tenisi yake.

Singekuwa mwadilifu kama ningewaambia kwamba mlango huu una insafu kamili. Uchunguzi wa Raj Chetty na wenzake, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba vyuo 38 vilikuwa na wanafunzi wengi waliotoka katika familia tajiri, asilimia moja ya juu kabisa, kuliko waliotoka katika asilimia 60 ya chini. Na mwaka 2023 wakaonyesha kwamba mtoto wa tabaka hilo la juu, alama zikiwa sawa, huingia katika vyuo mashuhuri zaidi ya mara mbili ya mtoto wa hali ya kati, na sehemu ya sababu ni upendeleo kwa watoto wa waliosoma humo zamani. Huo ndio urithi ulio wazi, uliotiwa muhuri na chuo chenyewe. Amherst kiliuacha mwaka 2021 na Johns Hopkins kabla yake; wengine bado wanaung'ang'ania. Tena mwaka huo wa 2023, tarehe 29 Juni, Mahakama Kuu ilivikataza vyuo kuitia rangi ya mtu katika hesabu ya kumchagua, ingawa ilimwachia mwombaji ruhusa ya kueleza rangi yake ilivyoyagusa maisha yake. Haya nayataja ili kijana atakayekataliwa, nao watakuwa wengi, asidhani amepimwa kwa mizani ya haki akaonekana mwepesi.

Na atakayekubaliwa naye ana safari. Anthony Abraham Jack, aliyekuwa mwenyewe mwanafunzi maskini wa Amherst, katika kitabu chake cha mwaka 2019 amebainisha kwamba kukubaliwa ni jambo moja na kuwa mwenyeji ni jingine: kwamba chuo humwambia mwanafunzi zipo saa za kumwona mwalimu, kisha hakimwambii kwamba saa hizo ni za kwenda kuuliza, na mtoto aliyefundishwa kutowasumbua wakubwa hukaa chumbani mwake akizama; na kwamba katika likizo ya masika majumba ya kulia yalipofungwa, wale wasio na nauli walibaki na njaa ndani ya chuo cha matajiri. Kuuliza si ujinga, wanangu, na katika nyumba zile ndiyo heshima yenyewe. Bibi Deborah Bial alianzisha shirika liitwalo Posse mwaka 1989 baada ya kusikia kijana aliyeacha chuo akisema kwamba asingaliacha kama angalikuwa na wenzake. Tangu hapo huwapeleka vijana kumi kumi, wakashikana kama jahazi na mabaharia wake.

Wala msisahau kilichoko karibu. Mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka Lexington kipo chuo cha Berea, kilichoasisiwa na John Fee, mpinga utumwa, mwaka 1855, kikawasomesha weusi na weupe pamoja mpaka sheria ya jimbo hili ya mwaka 1904 ilipowatenganisha kwa nguvu, ikalegezwa mwaka 1950. Tangu mwaka 1892 hakijamtoza mwanafunzi karo. Kila mmoja hufanya kazi humo, na huchaguliwa miongoni mwa wasio na uwezo. Nikikiona hukumbuka msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambako Habib Swaleh, mgeni aliyetoka Ngazija, aliwafungulia darsa watu ambao mji uliwaona hawastahili ilimu, na wazawa wa watumwa wakiwamo. Chuo bora ni kile kinachokuhesabu. Jina lake baadaye.

Nikhitimishe. Mwezi wa Septemba mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, aliwapandisha ndege vijana 81 waje kusoma Marekani, kwa michango ya Wamarekani wa kawaida na watu mashuhuri kama Jackie Robinson na Harry Belafonte. Na mwaka uliofuata akaja kwa njia hiyo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, akasomea Kansas. Wazazi wa wengi wao hawakuwa na chuo cha kuwasimulia. Walichorithi walikitengeneza wenyewe, mtu mmoja akimwandikia mwenzake barua kueleza ni wapi, ni lini, na ni nani wa kuulizwa. Na wajukuu wao leo hawahitaji mhadhara huu.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa kijana wa kwanza katika ukumbi huu atakayepita, na vilevile kwa yule atakayejaribu asipite, kwa maana naye ameijua njia. Nunua daftari. Andika humo siku uliyoanza, karatasi uliyoikosa, mtu aliyekusaidia na neno ulilolielewa kwa kuchelewa. Kisha umwachie mdogo wako, naye amwachie wa jirani. Huo ndio wasia ambao kadhi hatauliza habari zake. Mstari wake wa kwanza naweza kukupa usiku huu, ukaandike kabla hujalala: Oktoba, fomu inafunguliwa, baba atafutiwe mtu wa kumsomea.